Lengalenga za Mama na Majina ya Vilima vya Shaba

Mama yangu alikuwa na lengalenga, yaani mchicha, za aina mbili uani kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Za kwanza alizipanda mwenyewe nyuma ya choo, kwenye udongo mweusi wenye unyevu, na zilikuwa na majani mapana kama kiganja cha mtu mzima. Za pili zilijiotea kando ya njia, kwenye changarawe, mahali ambapo kila mtu alipita na kila mbuzi alionja. Hizo zilikuwa fupi, majani membamba, shina jekundu, na zilitoa maua mapema kana kwamba zilijua hazina muda. Mbegu ilikuwa moja, maana za njiani zilidondoka kutoka kwa zile za nyuma ya choo. Mgeni ambaye angechuma tawi moja huku na tawi moja kule, akayakausha katikati ya magazeti na kuyasafirisha Ulaya, angeweza kabisa kuleta majina mawili ya Kilatini kutoka uani kwetu. Mama angeyapika yote mawili katika sufuria moja na kuyala na bukari, yaani ugali.

Ndiyo sababu kila nikisikia kwamba "wataalamu wamegundua spishi mpya ya mmea" sikimbilii kupiga vigelegele. Siwadharau wataalamu. Ila neno "kugundua" linanitatiza. Mtu anaposema amepata spishi mpya hajaokota kitu barabarani. Ametoa dai, kwamba mimea hii na ile, ingawa inafanana, ni koo mbili zilizoachana. Dai linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa lengalenga za njiani. Na hapa kwetu Katanga dai la namna hiyo lina uzito kuliko mahali pengi, kwa sababu chini ya mmea kuna shaba na kobalti, na aliyesimama karibu na mtaalamu wa mimea ni mwenye tingatinga.

Kwanza tuelewane jinsi jina linavyozaliwa. Kanuni za kimataifa za kutaja mimea zinaanzia kwenye kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, cha mwaka 1753. Tangu Januari 1, 1958, anayetoa jina la spishi lazima ataje kielelezo kimoja, kwa kawaida mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi, ambacho jina limefungwa kwake. Mimi hukiita sampuli mama. Hadi mwisho wa 2011 maelezo yalitakiwa yawe kwa Kilatini; tangu 2012 Kiingereza kinakubaliwa pia, na jina linaweza kutoka katika jarida la kielektroniki bila kugusa karatasi. Soma kanuni hizo kutoka mwanzo hadi mwisho, hutaona mahali panapouliza kama spishi yenyewe ipo. Zinafanana na karani wa etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi: anaandika jina la mtoto, tarehe na mashahidi, kisha anapiga mhuri. Kupima damu si kazi yake.

Kupima damu ni kazi ya wengine, tena huja baadaye, mara nyingi baadaye sana. Tazama hesabu. Mwaka 2013 orodha moja kubwa ya dunia iliyoitwa The Plant List ilikuwa na majina 1,064,035 ya spishi za mimea. Yaliyokubaliwa kuwa ya spishi halali yalikuwa 350,699. Yaliyoonekana kuwa visawe, yaani majina ya pili, ya tatu na ya kumi ya mmea uliokwisha kupewa jina, yalikuwa 470,624. Mengine 242,712 yalikuwa hayajaamuliwa. Kwa hiyo waliokufa walikuwa wengi kuliko walio hai, na umati mzima ulikuwa bado korokoroni ukisubiri hukumu. Huku nyuma karibu majina 2,000 ya spishi mpya za mimea yanatolewa kila mwaka.

Sisi Wakongomani tunayo mifano ya kunywa asubuhi. Kahawa ya robusta iliuzwa Brussels kwa jina la Coffea robusta, na Émile De Wildeman, aliyeandika majina ya mimea ya Kongo kwa wingi wa ajabu, akaiita Coffea laurentii. Yote mawili yalianguka, kwa sababu mmea ule ulikwisha kuitwa Coffea canephora mwaka 1897. Sokoni hakuna aliyejali. Mpaka leo gunia linaandikwa robusta.

Lakini De Wildeman huyohuyo ananizuia nisicheke sana. Yeye na mwenzake Durand waliita kahawa nyingine ya Kongo Coffea dewevrei. Wataalamu waliofuata wakaona ni kupoteza wino, wakaishusha cheo na kuiweka kama aina tu ya Coffea liberica. Ikakaa chini hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2025 watafiti waliosoma vinasaba vyake wakairudisha kuwa spishi kamili, mbali na liberica. Waliokuwa na wasiwasi na jina lile ndio waliokosea. Wale wanaopasua kuni, yaani wanaogawa spishi moja kuwa nyingi, hukosea, na wale wanaofunga matita, yaani wanaounganisha nyingi kuwa moja, hukosea vilevile. Tofauti ni kwamba mwenye kupasua hupata jina lake nyuma ya lile la Kilatini, na mwenye kufunga hapati kitu zaidi ya maadui. Binadamu ni binadamu. Sidhani mizani hiyo iko sawa.

Na wanapima kwa kutumia nini? Karatasi zilizobandikwa mimea mikavu, ambazo za Kongo nyingi ziko Meise, Ubelgiji. Utafiti uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zinazopewa jina ndani ya miaka mitano baada ya kukusanywa, na karibu robo ya spishi mpya zote zilisubiri kabatini zaidi ya miaka 50. Mwingine wa 2015 ulikagua sampuli 4,500 za Aframomum, ile mimea ya Afrika yenye tunda jekundu na mbegu nyeusi ambazo watoto hunyonya wakitoka porini. Kabla jenasi hiyo, yaani kundi hilo la spishi ndugu, haijapangwa upya, angalau asilimia 58 ya sampuli zilikuwa na jina lisilo sahihi, au lililopitwa na wakati, au hazikuwa na jina kamili. Kama zaidi ya nusu ya vyeti vilivyomo kabatini vina kasoro, mtoto mpya analinganishwa na nani?

Sasa twende vilimani.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na shaba ya kwanza iliyoyeyushwa hapa ilitoka Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile. Kutoka hapo mpaka upande wa Kolwezi kuna vilima zaidi ya mia moja ambavyo udongo wake una shaba nyingi kiasi kwamba mti hauwezi kusimama. Ukiwa mbali unaviona: msitu wa miombo umefunika kila kitu, ghafla kilima kina upara wa nyasi na maua. Wachimbaji wa zamani walijua alama hiyo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuleta darubini. Juu ya vilima hivyo kumeorodheshwa zaidi ya spishi 600. Nyingine zimeitwa kwa kazi yao: cupricola, mkaaji wa shaba, cobalticola, mkaaji wa kobalti, metallorum, ya madini. Paul Duvigneaud wa Brussels na wenzake ndio waliotoa majina mengi ya kundi hili katika miaka ya 1950 na 1960, na François Malaisse, aliyefundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, akaendelea na kazi kwa miongo.

Hapa ndipo lengalenga za mama zinaponirudia. Kilima cha shaba ni kando ya njia ya mbuzi kwa kipimo kikubwa. Kila mmea unaoota pale unateseka: unafupika, majani yanakuwa membamba, rangi inabadilika. Ukikusanya tawi la kilimani na tawi la msituni, bila shaka yatatofautiana. Swali ni kama tofauti imo ndani ya mbegu au imo ndani ya udongo, na tawi kavu halijui kujibu. Dawa yake inajulikana na ni rahisi kuieleza: chukua mbegu za huku na za kule, zipande kwenye udongo mmoja, umwagilie sawasawa, ungoje. Tofauti ikifutika, ulikuwa unatazama njaa. Ikibaki, hapo tunaweza kuanza mazungumzo.

Chukua Silene, mmea mdogo wa vilimani. Duvigneaud na mwenzake waliita mmoja Silene cobalticola. Lakini kuna Silene burchellii, ndugu yake anayeota sehemu nyingi za Afrika, naye anao watoto wake waliozoea vilima vya shaba. Mwaka 1983 watafiti, Malaisse akiwa mmojawao, waliweka hao watatu pamoja na kupima uwezo wao wa kuvumilia shaba na kobalti. Walichokiona kinafanana na ngazi: wa kawaida chini, wa vilimani katikati, na cobalticola juu. Unakata wapi ngazi ili useme huku ni spishi moja na huku ni nyingine? Kwenye kipandio cha pili? Cha tatu? Mimi sijui, na ninamshuku kidogo yeyote anayejibu haraka.

Au lile ua maarufu kuliko yote, Haumaniastrum katangense, ua la shaba lenyewe. Kwanza liliingia vitabuni kama Acrocephalus, kisha likahamishiwa jenasi nyingine. Kwa muda mrefu lilisifiwa kwamba likiota, shaba ipo. Waakiolojia walilifuata na kweli likawaonyesha mahali ambapo mafundi wa kale waliyeyusha shaba. Ila sampuli zilipopangwa upya na majina ya ziada kuunganishwa, ikaonekana ua hilo linaota pia sehemu zisizo na shaba. Sifa ilikuwa ya kweli kwa kilima na ya uongo kwa spishi. Hata zile hesabu za zamani za majani yenye shaba ya kutisha zilipungua baada ya watu kuanza kuyaosha majani vizuri kabla ya kuyapima: sehemu ya shaba ilikuwa vumbi. Mtu yeyote aliyeanika nguo Lubumbashi wakati wa kiangazi angewaambia hilo bure.

Orodha iliyotolewa mwaka 2010, baada ya kuchuja, ilibakiza mimea 32 isiyopatikana popote duniani isipokuwa kwenye udongo wa shaba wa Katanga. Ninaiamini orodha hiyo kuliko nyingine ndefu zaidi, kwa sababu hiyohiyo ya kwamba ilichujwa. Mtu aliyekata majina yasiyoshika ndiye ninayemwamini anapoyatetea yaliyobaki.

Nimeshaambiwa na rafiki anayefundisha biolojia sekondari kwamba wasiwasi wangu ni zawadi kwa makampuni. "Ukisema spishi ile si spishi," alisema, "umempa mwenye tingatinga funguo." Hoja yake nimeibeba kichwani kwa miezi na bado inanikwaruza. Ni kweli kwamba kilima chenye mmea usiopatikana penginepo kina wakili. Kilima chenye "aina ya kawaida iliyodumaa" hakina. Ni kweli pia kwamba anayetaka kuchimba hatafuti jina sahihi, anatafuta jina la kawaida.

Lakini tazama anachokubali rafiki yangu bila kutambua. Amekubali kwamba thamani ya mmea iko katika cheo chake. Ukiwa spishi, unalindwa, ukishushwa, unazikwa. Kwa hiyo uhai wa kilima unategemea uamuzi wa mtu mmoja mwenye karatasi moja, na uamuzi huo, tumeona, huanguka zaidi ya nusu ya nyakati. Huo ni ukuta wa matope. Siku mtaalamu mwingine akiandika kurasa nne kwamba jina lile ni kisawe, ukuta umekwenda, na kampuni haikuhitaji hata wakili.

Silene wa kipandio cha katikati, yule asiye na jina lake mwenyewe, anaweza kuishi kwenye sumu ambayo inawaua ndugu zake. Uwezo huo aliupata polepole, kizazi kwa kizazi, juu ya vilima hivi. Karibu na kiwanda cha zamani cha mjini, ambako moshi wa miaka mingi umeacha ardhi tupu, watafiti wa chuo chetu wamekuwa wakitafuta nyasi za kuifunika, na nyasi wanazozitegemea zinatoka kwenye jamii za vilimani. Mbegu ya kilimani inashika, ya msituni inakufa. Kwa kazi hiyo haijalishi hata kidogo kama mbili hizo zina jina moja. Kinacholindwa kinapaswa kuwa kilima na watu wake wote, waliobatizwa na wasiobatizwa, na ubishi wa majina uendelee huku kilima kikiwa bado kimesimama.

Mukula, mti wa mbao nyekundu, umetufundisha somo hilo kwa njia ya fedheha. Kila mtu wa Haut-Katanga anaukumbuka ule wazimu: malori yenye magogo mekundu kwenye barabara ya Kasenga, vijana walioacha shule kwenda kukata, China ikinunua kila kitu. Mwaka 2017 Zambia ilizuia malori yetu kwa mamia. Na mti wenyewe, kwa Kilatini? Nyaraka moja ilisema Pterocarpus tinctorius, nyingine Pterocarpus chrysothrix, ambalo leo linahesabiwa kuwa kisawe cha lile la kwanza, na wengine waliuchanganya na Pterocarpus angolensis. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliingiza tinctorius kwenye Kiambatisho cha II mwaka 2019. Sasa fikiria afisa wa forodha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku, mbele ya lori la magogo yasiyo na jani wala ua wala tunda. Anatofautisha vipi ndugu na ndugu? Mwaka 2022, kule Panama, nchi wanachama ziliacha kujaribu: zikaingiza Pterocarpus zote za Afrika kwa mkupuo. Ulinzi ulipata nguvu pale ulipoacha kutegemea jina la spishi. Kwa misitu ya Kasenga, ulikuwa umechelewa.

Mkata makala wa porini, na hapa namaanisha makala ya jikoni, yaani makaa, si makala kama hii, hana shida hiyo. Anajua muputu na anajua mutondo, na anajua upi unatoa moto wa kudumu. Vitabu humwita muputu Brachystegia spiciformis, baada ya kuubebesha majina kadhaa na kuyatua mojamoja, na watu wa vitabu wenyewe hukiri kwamba Brachystegia huchanganya damu zao ovyo. Kikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, ni vivyo hivyo. Mama anayeuza katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi na si ile nchi, huchambua viazi vile vidogo vya okidi kwa vidole. "Hii njo ya kweli, papa. Ile ingine ni ya kujaza tu bakuli." Nilimuuliza tofauti iko wapi, akanitazama kama mtu aliyeuliza tofauti ya chumvi na mchanga. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa kwa kikanda ya Zambia vimeonyesha kwamba ndani ya bakuli moja kuna spishi nyingi zaidi ya zilizokuwa zimeandikwa. Simfanyi mama yule kuwa mtaalamu wa uainishaji. Yeye anatenganisha kwa ulimi na kwa mnato, si kwa ukoo. Ila yeye ameshika viazi elfu, na kuna spishi vitabuni ambazo mwenye kuzitaja alishika tawi moja.

Sitasema mengi kuhusu siasa za majina, ingawa zipo. Acacia ni neno lililotoka kwenye miti ya Afrika, lakini kwa uamuzi wa Vienna wa mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011, jina limebaki kwa miti ya Australia, na ya kwetu imekuwa Vachellia na Senegalia. Ile inayopandwa hapa nchini kwa ajili ya makala, iliyoletwa kutoka ng'ambo, ndiyo akasia halali. Mzawa amenyang'anywa, mgeni ana kitambulisho. Wakongomani wengi watauelewa mti huo vizuri.

Ninachodai, basi, ni kidogo. Anayeleta jina jipya kutoka kilimani atuambie alishika mimea mingapi, kutoka vilima vingapi, na kama mbegu zake zimewahi kupandwa kwenye udongo wa kawaida. Sampuli moja ibaki Ubelgiji kama lazima, lakini nyingine ikae katika hebaria, yaani ghala la mimea mikavu, ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, ambako mwanafunzi anaweza kuifikia kwa teksi-basi badala ya viza. Na jarida likitoa jina bila hayo, tuliite kwa jina lake: dai linalosubiri mashahidi.

Mashahidi, lakini, wana tabia ya kufa. Mwaka 2012 orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilitangaza kwamba Acalypha dikuluwensis imetoweka. Duvigneaud na mwenzake waliipa jina kutokana na Dikuluwe, upande wa Kolwezi, na mara ya mwisho ilionekana mwaka 1959, mgodi uliila. Ina ndugu katika ukanda uleule wa shaba, Acalypha cupricola. Je, zilikuwa mbili kweli, au moja ilikuwa nyuma ya choo na nyingine kando ya njia? Nimesimama upande wa wenye wasiwasi katika makala hii nzima, na hapa wasiwasi wangu hauna pa kukanyaga. Ungetakiwa uchukue mbegu za Dikuluwe, uzipande kwenye udongo mmoja na za ndugu yake, umwagilie sawasawa, ungoje. Iliyopo ni karatasi iliyobandikwa tawi.